Asante ya punda, na betri sitini zilizokufa

Betri ya mashine ya masikio, ile inayomsaidia asiyesikia vizuri, ina kikaratasi cha gundi juu yake, cha kahawia kama ni namba 312. Ukikibandua, hewa inaingia na betri inaanza kujitumia hapo hapo, hata ukiiacha mezani. Hairudi nyuma. Mimi nilijua hilo, sikumwambia mtu. Mwaka juzi, kutoka Ubelgiji ninakoishi, nilituma betri 60 kwetu Goma, Kongo, ndani ya sanduku la mama mmoja aliyekuwa anarudi, na mzee mmoja wa mtaani kwetu Majengo, kwa furaha yake, akabandua zote usiku mmoja ili ahakikishe hakuna mbovu. Wiki chache baadaye zote zilikuwa zimekufa. Mzee hakulalamika. Alinitumia salamu ndefu za shukrani na baraka kwa watoto ambao bado sina.

Salamu hizo zilinikera, na nimechukua muda kujua kwa nini.

Nilipoteza usikivu nikiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo. Sikio la kulia likaenda moja kwa moja, la kushoto likabaki nusu. Mtaani wakaniita bubu, ingawa nilikuwa naongea kama kasuku. Aliyenisaidia ni mdogo wangu, binti wa miaka sita. Alikuwa masikio yangu sokoni Birere, kanisani, mpakani. Hata kwa daktari, nikiwa kijana mwenye ndevu, yeye ndiye aliyesikia kwanza mambo ambayo kaka hapendi dada yake ayajue, kisha akanirudishia huku anatazama dirisha. Hakuna aliyesema kwamba anajitolea. Ilikuwa zamu yake tu, zamu isiyo na wa kuipokea.

Naye akachoka, kama mtu yeyote. Watu wakicheka mezani, nikimuuliza wamesema nini, alijibu: "Si kitu, nitakuambia baadaye." Kila asiyesikia vizuri anaijua hiyo "si kitu". Siku moja nikakasirika, nikasukuma sahani. Shangazi akanitolea methali mbele ya wageni: asante ya punda ni mateke.

Basi nikajifunza kushukuru. Nikashukuru kwa kila kitu, hata kwa nusu ya habari, hata kwa kitu nisichokielewa. Nikatikisa kichwa na kutabasamu miaka na miaka. Ndiyo maana salamu za yule mzee zilinikera: niliitambua asante ya mtu asiyeruhusiwa kusema kwamba msaada ulikuja nusu.

Huku Ubelgiji, mjini Bruxelles, mutuweli, yaani bima ya afya, ililipa sehemu ya mashine zangu, nyingine nikailipa polepole. Lakini aliyenifundisha kuishi nazo ni mstaafu mmoja, kiziwi kuliko mimi, anayekaa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi pamoja na wenzake, wanajitolea kuhudumia mashine za watu. Mara ya kwanza nilimwambia mashine ya kushoto imeharibika. Aliitoa sikioni mwangu, akaiinua kwenye mwanga, akanionyesha tone la maji limekwama ndani ya kimrija, dogo kuliko punje ya mtama. Akapitisha uzi wa nailoni, akapuliza, akanirudishia. Nikasikia viatu vyangu mwenyewe sakafuni.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea kahawa ya Kivu. Akaipika, akaigawia ukumbi mzima, kisha akaniwekea uzi na kitambaa mbele yangu. Kiti kilicho karibu naye kikawa changu. Wakaandika jina langu kati ya wanaojitolea, wakaniambia nina bima. Ubelgiji wana sheria ya watu wanaojitolea, ya tarehe 3 Julai 2005, na bima imo, na kurudishiwa nauli kunaruhusiwa. Nilicheka: bima ya nini, sikio la mtu likining'ata?

Kilichoniudhi ni saa sita. Ikifika saa sita mchana mzee anafunga kisanduku, hata kama kuna mtu kwenye foleni. Kwetu huo ungekuwa ukatili. Sasa naona vingine. Mdogo wangu hakuwahi kuwa na saa sita.

Lakini msinielewe vibaya. Yupo bibi anayekuja pale ambaye betri yake ikizima Jumanne anakaa kimya mpaka Jumamosi, kwa sababu vidole vyake vinatetemeka na hana wa kumuita. Majengo angemwita mtoto yeyote anayepita barabarani, na mtoto angekuja. Hilo Wazungu hawana, na sheria ya 2005 haiwezi kuwapa.

Jambo moja nataka watu wa Goma walijue. Tukihesabu wafadhili, tunahesabu wenye masikio mazima. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa ule ule ulionipata mimi. Alianza na shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, akaendelea nchi baada ya nchi, na alama nyingi za mikono za viziwi wa Afrika inayosema Kifaransa zinatokana na zile alizokuja nazo. Alikufa Desemba 1987, ndege ilipoanguka karibu na Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka wetu, pale tunapokwenda kwa miguu. Kiziwi huyo hakusubiri kusaidiwa ndipo ashukuru. Nimevuka mpaka ule mara nyingi nikiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kunitajia jina lake.

Nimetuma betri nyingine. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025, zinapitia Kigali, kisha Gisenyi. Safari hii nimeandika maelezo, na mdogo wangu anakaa na wazee watano kila Alhamisi, anabandua kikaratasi kimoja kimoja mbele yao. Nilimuuliza kwenye video anamaliza saa ngapi.

"Mpaka waishe, yaya." Kwetu yaya ni kaka mkubwa.

Nikamwambia aweke saa. Akacheka. Nikamuuliza nani amewahi kumshukuru, na kabla hajajibu nikajua kwamba mimi sijawahi, si kwa hiari yangu. Nikasema aksanti. Kwa Birere, kwa mpakani, kwa yule daktari. Mtandao ukakwama, midomo yake ikaganda, kisha uso ukarudi.

"Umesema nini?"

Nikarudia tangu mwanzo, polepole.