Maji ya Kyela yanatoka juu

Mwandishi, kwenye makala yako umesema mafuriko ya Kyela, huku kwetu bondeni kando ya Ziwa Nyasa, yameletwa na "mvua kubwa" basi. Ndugu yangu, njoo ukae kwetu Aprili moja. Kuna siku jua linawaka, mpunga umeanikwa nje, halafu jioni maji yako mlangoni. Mvua hiyo imenyesha Rungwe, kule milimani juu yetu, sisi tunapokea tu.

Angalia mteremko. Kilele cha Mlima Rungwe kinakaribia mita 3,000, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mito ya Kiwira na Mbaka inashuka kwa kasi, ikifika bondeni kwetu inapunguza mwendo, inatua mchanga iliouzoa njiani. Mchanga ukijaa, kina kinapungua, maji yanatafuta pa kupita, yaani mashambani. Mto Songwe ndio usiseme, huo unahama kabisa, na ndio mpaka wetu na Malawi! Na ziwa likiwa limejaa, mito inakosa pa kumwagia.

Mwaka jana maji yalipokauka nilipiga jembe kwenye jaruba langu, nikakuta mchanga mpaka kwenye kiwiko. Kalavati la barabarani lilikuwa limezibwa na migomba na chupa za plastiki. Hiyo nayo ni mvua?

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Huku watu wanalima mpaka majini (na mimi nimo, nisijifanye mtakatifu). Mwandishi, ukirudi, anzia Tukuyu, mjini kule juu Rungwe maji yanakotoka.