Posho ya ulemavu ya mtoto imekataliwa? Andika dakika

Barua za Department for Work and Pensions, yaani DWP, wizara inayotoa posho Uingereza, mara nyingi huja na sura moja. Mwanzo inakubali kwamba mtoto ana tatizo, kisha mistari michache chini inasema hastahili kitu, au anastahili kiwango cha chini kabisa. Mzazi anaisoma kama tusi: wanakiri mtoto ana kifafa, halafu wanasema hahitaji uangalizi? Kwa hasira anakimbilia kwa daktari kutafuta barua nyingine ya kuthibitisha ugonjwa ambao hakuna aliyeubishia, na wiki nne zinayeyuka hivyo.

Msimamo wangu ni kwamba ombi la kupitia upya uamuzi wa Disability Living Allowance (DLA), yaani hiyo posho ya ulemavu ya mtoto, hushinda au huanguka kwa kitu ambacho hospitali haikijui na mzazi anakijua kuliko mtu yeyote: ni kazi gani ya ziada inayofanyika nyumbani kwa sababu ya hali ya mtoto huyu, mara ngapi, na kwa dakika ngapi, akilinganishwa na mwenzake wa umri uleule asiye na tatizo. Hapa nazungumzia England na Wales. Scotland wana posho yao, nitaigusa mbele kidogo.

Kabla ya yote, angalizo kwa walio na visa. Kama kibali chako cha kuishi Uingereza kina sharti la kutotegemea fedha za umma, DLA imo kwenye orodha ya fedha hizo. Ongea na mshauri wa uhamiaji kwanza, ndipo uandike chochote.

Turudi kwenye kipimo chenyewe. Kimewekwa na kifungu cha 72 cha sheria ya posho ya mwaka 1992, na kwa mtoto kina milango miwili. Wa kwanza: mahitaji yake yazidi kwa kiasi kikubwa yale ya kawaida ya rika lake. Wa pili: bado ana mahitaji makubwa ambayo watoto wadogo kuliko yeye wanayo, ila wenzake wa umri wake wameshayapita. Mtoto akiwa mdogo sana, mlango wa pili haumsaidii sana, kwa kuwa hata mwenzake wa miaka miwili anavaa nepi, analishwa na hawezi kuachwa peke yake. Ndiyo maana sentensi kama "bado anavaa nepi" haina uzito akiwa na miaka 2, lakini akiwa na miaka 5 ina uzito mkubwa. Kwa huyo wa miaka 2 inabidi useme kilichozidi: kwamba misuli ya mapaja imekaza, nepi moja inachukua dakika 20, na inabidi watu wawili, mmoja amshike na mwingine amfungue miguu polepole asiumie.

Fedha zenyewe si haba. Kwa mwaka wa fedha 2025/26, sehemu ya matunzo ilikuwa na viwango vitatu kwa wiki: pauni 29.20, 73.90 na 110.40. Sehemu ya mwendo, yaani ya shida za kutembea na kutoka, ilikuwa na viwili, 29.20 na 77.05. Haziangalii kipato cha wazazi wala hazikatwi kodi. Uzito wa kiwango cha kati cha matunzo unazidi hiyo 73.90, kwa sababu ndicho kinachomfungulia mlezi mlango wa Carer's Allowance, posho ya mlezi mwenyewe, na posho yoyote ya DLA huongeza fungu la mtoto mwenye ulemavu kwenye Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwa hiyo aliyepewa kiwango cha chini naye ana sababu ya kuuliza, sawa na aliyenyimwa kabisa.

Muda ni mwezi mmoja, na unahesabiwa kuanzia tarehe iliyopigwa juu ya barua, hata kama posta imeileta siku kumi baadaye. Uamuzi wa tarehe 14 Machi, ombi lako liwe limefika kufikia 14 Aprili. Ombi lenyewe linaitwa Mandatory Reconsideration na lina fomu yake, CRMR1, ingawa barua ya kawaida inatosha. Simu pia inakubalika, lakini simu haiachi karatasi. Ukipiga, andika siku, saa na jina la uliyeongea naye, kisha tuma barua inayosema yaleyale. Usisubiri vielelezo ndipo utume ombi! Tuma ombi ndani ya mwezi, useme wazi kwamba vielelezo vinafuata na vitafika lini, kisha timiza ahadi, kwa sababu afisa hana wajibu wa kukungoja milele. Ukiwa umechelewa kwa sababu ya msingi, kama mtoto kulazwa au mzazi kuugua, eleza sababu hiyo. Mlango wa waliochelewa hubaki wazi hadi miezi 13 tangu uamuzi.

Kosa la gharama kubwa hapa ni kuiacha barua na kuanza maombi mapya. Maombi mapya hulipwa kuanzia siku uliyoyaanzisha. Ombi la kupitia upya likikubaliwa, malipo hurudi nyuma hadi tarehe ya maombi ya kwanza. Kwa familia nyingi tofauti hiyo ni mamia ya pauni, wakati mwingine maelfu.

Sasa barua. Ianze na jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kumbukumbu, na hizo zirudiwe juu ya kila ukurasa, maana karatasi ofisini huchanganyika. Sentensi ya kwanza iseme unaomba Mandatory Reconsideration ya uamuzi wa tarehe fulani. Ya pili iseme unadai nini: kiwango gani cha matunzo, kiwango gani cha mwendo. Wengi huandika "naomba muangalie tena" na kuishia hapo. Afisa anaangalia tena, anaona kilekile, anakijibu kilekile. Kisha chukua sababu walizokupa, moja baada ya nyingine, na ujibu kila moja kwa mambo ya nyumbani. Wakisema "hahitaji msaada wa mara kwa mara mchana kutwa", wapitishe kwenye siku yake tangu anapoamka hadi anapolala. Kiwango cha kati cha mchana kinadai msaada uliotawanyika siku nzima, na ukitaja kazi za asubuhi na jioni tu, hata ziwe nzito kiasi gani, umejiweka mwenyewe kwenye kiwango cha chini, kile cha takriban saa moja kwa siku.

Kuna kazi zinazohesabiwa ambazo wazazi huzisahau: mazoezi ya viungo aliyoagiza mtaalamu, kumsaidia kuwasiliana kwa picha au ishara, kumtuliza anaposhikwa na mshituko wa kelele, kumkamua kohozi, kumshika ameze dawa. Na kuna zisizohesabiwa ambazo hujaza kurasa bure. Kufua shuka zake kwenye mashine kesho yake ni mojawapo, hata kama unafua kila siku. Kumbadilisha na kumsafisha saa ileile ya usiku ni jambo tofauti.

Usiku una masharti yake. Kwa sheria hii usiku huanza pale nyumba nzima inapoingia kulala, kwa hiyo kuhangaika na mtoto saa tatu usiku wakati nyie bado mko sebuleni huhesabiwa mchana. Kinachotakiwa ni msaada unaojirudia, kwa kawaida mara mbili au zaidi, au unaodumu, takriban dakika 20. Mtu akiwa macho kwa ajili ya kumlinda mtoto na hatari, nako pia huingia. Akistahili mchana na usiku pia, ndipo kinakuja kiwango cha juu cha matunzo.

Njia bora ya kuthibitisha usiku ni shajara ya siku 7, za kawaida, bila kuchagua zile mbaya tu. Tuseme mtoto wa miaka 3 mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Maandishi yenye nguvu ni ya namna hii: "Jumatano. 02:10, kengele ya kipima sukari imelia, 3.3. Nimemwamsha, juisi, kaikataa, nimembembeleza kwa kijiko. 02:30 nimepima, 4.4. Nimekaa naye hadi 02:50 isishuke tena. 05:00 imelia, 3.7. Juisi, kungoja, kupima. Kalala 05:25." Hapo kuna mara mbili, kuna zaidi ya dakika 20, na inaonekana kwa nini mzazi hawezi kurudi kitandani baada ya kumpa juisi. Ongeza sentensi moja ya ulinganisho, kwamba mtoto wa miaka 3 asiye na kisukari akiamka hurudishwa usingizini kwa dakika chache, na wala hahatarishi maisha asipoamshwa. Bila ulinganisho huo, hata shajara nzuri inaning'inia hewani.

Ona saa zilivyoandikwa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tukiandika "saa 8:10 usiku" na mtu akaitafsiri neno kwa neno, afisa anasoma saa mbili na dakika kumi za jioni. Nyumba bado haijalala, matunzo ya usiku yamekwenda na maji. Tumia mtindo wa saa 24 kuanzia mstari wa kwanza.

Kuhusu vielelezo, barua ya hospitali mara nyingi humwangusha mzazi bila daktari kukusudia. "Anaendelea vizuri" kwenye kliniki maana yake dawa inafanya kazi, lakini afisa anaisoma kama hakuna kazi nyumbani. Ya chekechea nayo husema mtoto "ametulia darasani", bila kutaja kwamba ametulia kwa sababu kuna mtu mzima amekaa pembeni yake muda wote. Usiombe barua ya jumla. Mpe mwandishi maswali matatu au manne: anahitaji mtu mzima mmoja peke yake kwa shughuli zipi, mara ngapi kwa siku, wenzake wa umri huo wanazifanyaje, na nini hutokea mtu huyo akiondoka. Tuma nakala, bakiza za asili, na posta omba cheti cha kuthibitisha kwamba umetuma. Ni cha bure.

Kuna jambo ambalo familia zetu hulikwepa, nalo ni kumwanika mtoto. Mzazi anaona haya kuandika kwamba mwanawe anapaka kinyesi ukutani au anajigonga kichwa sakafuni, kwa hiyo anaandika "ana changamoto za tabia". Neno hilo halilipwi. Heshima ya mtoto haipotei kwenye faili la siri. Inapotea zaidi akikosa msaada kwa sababu mama yake alikuwa na adabu mno.

Hatari ipo, na anayekuambia haipo anakudanganya. Wakipitia upya wanaruhusiwa kuangalia posho nzima, pamoja na kile ulichokwishapewa, na wanaweza kukishusha. Ukiwa na kiwango cha kati na unataka cha juu, jiulize kwanza kama hicho cha kati kinasimama imara kwa maelezo yako mwenyewe. Kama umenyimwa kabisa, hakuna cha kupoteza.

Kinachoniudhi katika utaratibu huu ni saa kuhesabiwa upande mmoja. Tangu Oktoba 2013 mzazi hawezi kwenda mahakamani moja kwa moja, lazima apitie tena kwa ofisi ileile iliyomnyima. Yeye ana mwezi mmoja, ofisi haina siku ya mwisho kisheria ya kumjibu. Scotland, kwenye Child Disability Payment, posho yao ya mtoto mwenye ulemavu, mzazi ana siku 42 za kuomba na ofisi ina siku 56 za kuamua, na posho ikipunguzwa upo msaada wa muda wa kuziba pengo wakati mgogoro unaendelea. Inawezekana, basi. Kwa England na Wales, serikali ya Uingereza imeamua tu kutofanya hivyo.

Majibu yakija na hukubaliani nayo, una mwezi mwingine kutoka tarehe ya barua hiyo kukata rufaa kwa fomu SSCS1 au kwa mtandao. Rufaa haiendi DWP, inaenda kwenye baraza huru lenye jaji, daktari na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu. Chagua kusikilizwa, ana kwa ana, kwa video au kwa simu, usikubali kesi iamuliwe kwa karatasi peke yake. Kwenye fomu kuna sehemu ya mkalimani: andika Kiswahili, ni bure, wala usimtumie mtoto mkubwa wa nyumbani kutafsiri habari za mdogo wake. Citizens Advice, shirika la ushauri, na Contact, shirika la familia zenye watoto wenye ulemavu, husaidia kuandaa rufaa bila malipo.

Kumbuka tu kwamba baraza linaangalia hali ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa. Kielelezo kinaweza kuwa cha baadaye, ila kiongelee wakati ule. Mtoto akizidiwa miezi mitatu baada ya uamuzi, hilo ni badiliko la hali, na linaripotiwa DWP kivyake hata rufaa ikiwa inaendelea. Umri nao hubadili mambo: kiwango cha juu cha mwendo hakipatikani kabla ya miaka 3, na cha chini kabla ya miaka 5. Ofisi haitakukumbusha siku hizo mbili za kuzaliwa, kwa hiyo ziandike kwenye kalenda leo.