Washauri wa jeshi wakishambuliwa, nani anawalinda?

Hapa Uganda ikisikika tu kwamba jeshi limepeleka washauri ama wataalamu nchi fulani, watu wanagawanyika hapohapo, huyu anasema tumeshaingizwa kwenye vita ya wenyewe, yule anasema acheni woga, hao wameenda kufundisha tu. Mimi naona wote wana ukweli wao, ila kuna swali wanaliruka: hao washauri wakishambuliwa, nani atawalinda?

Angalia Vietnam, maana pale hatua zote zinaonekana. Marekani ilipeleka kikundi cha washauri 1950, wakati huo wanaopigana bado ni Wafaransa. Mpaka Eisenhower anatoka madarakani, mwanzoni mwa 1961, walikuwa hawafiki hata elfu moja. Kennedy akaongeza watu, akaleta na helikopta, na rubani ni Mmarekani, kwa hiyo huyo anayeitwa mshauri anawabeba askari wa Vietnam Kusini mpaka kwenye mapigano na anapigwa risasi kama wao, mwisho wa 1963 wakawa kama 16,000 na bado wanaitwa washauri. Halafu Februari 1965 kambi yao ya Pleiku ikashambuliwa, Wamarekani wakafa, Marekani ikaanza kupiga mabomu Vietnam Kaskazini mfululizo, sasa uwanja wa ndege wa Da Nang unataka ulinzi, basi tarehe 8 Machi wakashuka marines 3,500, askari wa Marekani wa kupigana, kuulinda. Hazikupita wiki nyingi wakaruhusiwa kutoka kambini kumfuata adui. Mwaka unaisha wako zaidi ya 180,000! Kila hatua ukiichukua peke yake ina sababu nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kila kilichofuata kilikuwa cha kulinda kile kilichotangulia.

Lakini tusiseme kila mshauri analeta vita, si kweli, na mfano tunao sisi wenyewe. Oktoba 2011 Obama alituma wanajeshi kama 100 kusaidia jeshi letu na majirani kumsaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. 2014 wakaongezwa, zikaja na ndege za Osprey, wengi tukadhani sasa imekuwa ile ile. Haikuwa. 2017 wakafunga wakaondoka, na sisi tukarudisha vijana wetu kutoka Afrika ya Kati, Kony hajakamatwa mpaka leo lakini Marekani haikuzama kwenye vita yoyote. Kwa nini? Kwa maoni yangu ni kwa sababu LRA ya wakati ule ilikuwa kundi dogo linalokimbiakimbia porini, haina nguvu ya kuvamia kambi ya washauri, na hakukuwa na serikali ambayo ingeanguka kesho yake kama Wamarekani wangeondoka. Saigon, yaani serikali ya Vietnam Kusini, ilikuwa kinyume kabisa.

Kwa kipimo hicho ndiyo naiogopa Juba, kule Sudan Kusini. Desemba 2013 tuliambiwa jeshi linaenda kuokoa Waganda waliokwama, jambo ambalo hakuna mtu angelipinga. Januari tayari vijana wetu wanapigana upande wa Rais Salva Kiir kwenye barabara ya Bor, na wakaja kuondoka mwisho wa 2015. Machi 2025 tena makomando wakaenda Juba, serikali ya kule mwanzo ikakana, baadaye ikasema ni vikosi vya kutoa msaada wa kiufundi. Unamsaidia kiufundi mtu ambaye bila wewe hasimami, sasa utamwacha lini?

Upande wa pili nao una hoja nzito, siudharau. Waasi wa ADF, wenye kambi zao Congo, walilipua mabomu katikati ya Kampala Novemba 2021, wiki mbili baadaye jeshi likaingia Congo kwa operesheni Shujaa, na Juni 2023 watoto wakauawa shuleni Mpondwe, kule Kasese, karibu kabisa na mpaka. Mzazi wa Mpondwe huwezi kumwambia eti jeshi likae mpakani lisubiri. Hapo hata mimi nakubali waende. Ila Congo hiyohiyo tuliingia 1998 kwa sababu za usalama, tukatoka 2003, na mahakama ya kimataifa ya The Hague ikatuamuru 2022 tulipe dola milioni 325, pesa ya walipa kodi hiyo.

Kinachonikasirisha zaidi ni bunge. Katiba ibara ya 210 inalikabidhi bunge kazi ya kutunga sheria kuhusu kupeleka wanajeshi nje, lakini Januari 2014 lilipitisha wakati mapigano yameshaanza, na Machi 2025 likapitisha tena wakati watu wako Juba tayari. Wabunge wangekaa kabla ndege haijaruka wangeuliza nani analinda hao wakufunzi, kamanda gani anaruhusiwa kuwatoa kambini, na serikali ya kule ikianza kuyumba tunaongeza watu ama tunarudisha. Wakiulizwa hayo wakati vijana wameshakaa kwenye mahandaki, jibu linakuwa moja tu, ongeza.