Picha Ni Huria, Bango la Nyuma Je?

Piga picha barabara yoyote ya katikati ya Nairobi mchana. Humo ndani utakuta matatu iliyochorwa grafiti kuanzia boneti hadi nyuma, bango la soda, pengine na sura ya mwanamuziki ubavuni mwa gari. Mpiga picha akiipandisha Wikimedia Commons, hazina ya picha ya mtandaoni, kwa leseni huria, anaruhusu mtu yeyote kuinakili, kuikata, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi masharti ya leseni yafuatwe. Lakini hawezi kugawa kisicho chake. Grafiti ina mwenyewe, bango lina mwenyewe, na hakuna aliyeulizwa. Je, picha kama hiyo ibaki ilivyo, au iondolewe?

Wanaosema "iacheni picha" wana hoja nzito, na sheria za nchi kadhaa ziko upande wao. Huko Lyon, Ufaransa, uwanja wa Place des Terreaux ulikarabatiwa na msanii Daniel Buren pamoja na msanifu Christian Drevet. Wachapishaji walipouza postikadi za uwanja huo, wawili hao wakadai haki zao. Mwaka 2005 mahakama ya juu ya Ufaransa iliwakatalia: kazi yao imechanganyika na majengo ya kale yanayozunguka uwanja, na katika postikadi ni nyongeza tu ya kile kinachoonyeshwa. Uingereza nayo, katika sheria yake ya 1988, inasema kuingiza kazi ya mtu kwa bahati ndani ya picha au filamu si kuvunja hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu kazi ya sanaa ijitokeze kwa bahati katika filamu au kipindi kinachorushwa hewani. Picha mnato haikutajwa hapo. Sioni mantiki yake, ila ndivyo ilivyoandikwa.

Upande wa pili hauna haja ya kubisha kuwa bahati ipo. Unauliza tu: bahati kweli, au kitu kimewekwa makusudi? Kampuni ya Panini iliuza stika za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wakiwa wamevaa jezi zenye nembo. Ikajitetea kwamba nembo zimeingia tu kwa sababu zimo kwenye jezi. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ilikataa. Mtoto anayekusanya stika anamtaka mchezaji na jezi yake halisi, basi nembo ni sehemu ya kinachouzwa. Marekani, mwaka 1997, bango lenye kazi ya msanii Faith Ringgold lilikuwa pambo la ukutani katika kipindi cha televisheni, likaonekana kwa jumla ya sekunde 26 na ushei. Mahakama ya rufaa haikukubali kwamba hicho ni kitu kidogo cha kupuuzwa, maana kuna aliyelichagua na kulitundika.

Kesi hizo zote, hata hivyo, zinahusu kitu kilichokwisha tengenezwa, kisichobadilishwa tena: postikadi ni postikadi, stika ni stika, kipindi ni kipindi. Leseni huria inaleta mkasi. Mtu wa tatu anaishusha ile picha ya barabara, anakata kila kitu, anabaki na sura ya mwanamuziki iliyo ubavuni mwa matatu, kisha anaichapa kwenye fulana akiamini leseni inamlinda. Kilichokuwa cha pembeni sasa ndiyo picha yenyewe, na utetezi wa bahati umekwisha. Commons wanalijua hilo: wanaipokea picha nzima, lakini kipande kilichokatwa hivyo hufutwa.

Je, basi tutie ukungu kila bango? Nadhani huko ni kuharibu kumbukumbu. Picha ya Kariakoo isiyo na maandishi ya maduka wala michoro ukutani haimwambii kitu mtu atakayeitazama miaka 50 ijayo. Ningeiacha picha ilivyo, na chini yake niandike wazi ni kitu gani humo hakimo ndani ya leseni. Mwenye mkasi akikata, hatasema hakuambiwa.

Kwa muziki nakuwa mkali zaidi. Video ya harusi yenye wimbo mzima nyuma yake inatoa wimbo huo kwa yeyote anayejua kutenganisha sauti na picha, kazi ambayo simu sasa inaifanya. Sheria ya Uingereza imeliona hili mapema: muziki uliowekwa kwa makusudi hauhesabiwi kuwa umeingia kwa bahati. Redio iliyosikika sekunde chache kutoka kibandani, ipite. DJ aliyerekodiwa mwanzo hadi mwisho, sauti yake izimwe kabla video haijapewa leseni, na picha za wacheza ngoma zibaki.