Riwaya Si Kitabu cha Mila

Fasihi inarudi kwenye masomo ya Kiingereza vyuoni. Iliwahi kuwekwa kando kwa hoja kwamba mwanafunzi anahitaji barua za kazi na mahojiano, mashairi atayasoma akitaka. Sasa imepewa kazi mpya ya kumjengea mwanafunzi umilisi wa kuelewana na watu wa tamaduni nyingine. Urejeo huo naunga mkono. Ninachogomba nacho ni kile kinachofanyika ikisharudi.

Mara nyingi wanafunzi hupewa riwaya, wakaambiwa waorodheshe mila zilizomo: watu wanavyooana, wanavyokula, wanavyozika. Kisha walinganishe na za kwao. Kipindi kinakwisha kila mmoja ana jedwali la safu mbili na anaamini ameijua jamii nzima. Lakini riwaya ni kazi ya mtu mmoja aliyebuni watu ambao hawakuwahi kuishi. Mwanafunzi akitoka hapo na sentensi inayoanza na "Waingereza huwa...", tumemwongezea dhana potofu, safari hii ina muhuri wa chuo.

Michael Byram, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha ambaye kielelezo chake cha umilisi huo, cha mwaka 1997, hutajwa sana katika fani hii, hakuishia kwenye maarifa. Alidai pia udadisi na utayari wa kuahirisha hukumu, stadi za kufasiri, kugundua na kutangamana, na uwezo wa kuhakiki utamaduni wa wengine pamoja na wa kwako. Madarasa mengi huchukua maarifa, kwa kuwa ndiyo rahisi kutungia mtihani. Yaliyobaki hupamba utangulizi wa silabasi.

Kwangu mimi, mahali pa kuanzia ni swali moja: nani anasimulia, na nani kanyamazishwa? Chukua riwaya ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847. Bertha, mke wa Rochester (bwana ambaye Jane anampenda), aliyefungiwa ghorofa ya juu, tunamjua kwa midomo ya wengine tu. Anacheka, ananguruma, anachoma nyumba, kujieleza, hapana. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, akatoa riwaya ya Wide Sargasso Sea, inayosimulia upya maisha ya Bertha. Humo mwanamke huyo ana utoto wake katika Karibi, ana jina lake, Antoinette, na anasimulia mwenyewe. Kinachonivutia zaidi ni kwamba Rhys hakumziba mume mdomo. Sehemu kubwa ya katikati anaisimulia yeye, bila hata kutajwa jina, na msomaji analazimika kukaa ndani ya kichwa cha mtu anayeogopa milima, rangi na harufu asizozizoea, akaona jinsi hofu hiyo inavyogeuka kuwa ukatili.

Hapo kuna somo ambalo jedwali haliwezi kulitoa. Kabla ya kuwapa Rhys, waambie wanafunzi waandike ukurasa mmoja kwa sauti ya Bertha. Baadhi watamfanya malaika, wengine watamwacha mwendawazimu vilevile. Ndipo wasome, na mjadala uanzie kwenye yale waliyoyaandika wao: huyo malaika walimtoa wapi?

Najua pingamizi: Kiingereza cha Brontë ni kizito, na mwanafunzi dhaifu atazama kwenye kamusi. Ni kweli, ila si lazima kusoma kitabu kizima. Kurasa chache zilizochaguliwa vizuri zinatosha, au hadithi fupi ya leo kutoka Nigeria au India. (Kwa nini bado tunadhani utamaduni wa Kiingereza ni wa Uingereza peke yake, sijui.)

Kigumu hasa ni usahihishaji. Louise Rosenblatt, mtaalamu wa usomaji wa fasihi, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alitenganisha usomaji wa kuchota taarifa na usomaji wa kuyapitia maandishi kama jambo linalomtokea msomaji mwenyewe. Mtihani wa kawaida hupima ule wa kwanza. Jibu lake, hata hivyo, si kuanza kutoa alama kwa huruma. Wanafunzi ni werevu. Wataigiza huruma vizuri sana. Mimi ningempa alama anayeonyesha sentensi ipi kwenye matini ilimfanya abadili maoni yake kuhusu mhusika, au ipi ilimfanya akatae kuyabadili, na kwa nini. Anayekataa kwa ushahidi asipungukiwe alama hata moja.