Historia ya Doctor Who haikufutwa mwaka 2020
Mwandishi mmoja anadai kwamba sehemu ya mwaka 2020 ya Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, iliyofichua kuwa Doctor, msafiri wa wakati ambaye ndiye mhusika mkuu, aliokotwa akiwa mtoto asiyejulikana atokako na kwamba Mabwana wa Wakati, jamii aliyokulia, waliupata uwezo wa kubadili miili kutoka kwake, ilifuta historia yote ya tamthilia hiyo. Historia ipi? Tamthilia ilianza 1963, kubadili mwili kukabuniwa 1966 kwa kuwa William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa Doctor, alikuwa akiondoka, na jina la sayari ya Mabwana wa Wakati, Gallifrey, halikutajwa hadi 1973. Isitoshe, mwaka 1976 zilionyeshwa sura zilizoashiria kuwa Doctor aliishi kabla ya Hartnell, jambo ambalo walalamikaji hulipita kimyakimya. Masimulizi ya Master, adui wa Doctor anayeifichua siri hiyo, yalikuwa marefu kupita kiasi, hilo sipingi. Lakini tulipoitazama hapa Kisumu, binamu yangu, aliyelelewa na watu baki, ndiye aliyesimamisha ubishi wetu akiuliza kwa nini hakuna aliyeguswa na Doctor kuporwa kumbukumbu za utoto wake. Je, wenzangu, nanyi mliguswa na nini?