Jiko pekee halimtoshi muuza mahamri wa Lamu

Ati ruzuku ndogo ya jiko na karai yatosha kumwinua mama anayeuza mahamri na viazi karai sokoni Lamu? Sikubali. Karai hununuliwa mara moja. Kinachomaliza mtaji ni unga na mafuta ya kila siku, ambavyo huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, na kuongezwa nauli. Tena cheti cha afya cha mshika chakula hudumu miezi 6 tu, halafu kuna leseni ya kaunti kila mwaka. Na fomu ya ruzuku ikidai kikundi kilichosajiliwa na akaunti ya benki, Mboni (mtu wa jamii ya Waboni wa Lamu) muuza asali kutoka msituni amekwisha kuachwa nje, naye ndiye mhitaji hasa! Wenzangu wa Malindi, kwenu ruzuku hulipia vyeti?